Nafasi Nne za Bure za Chama cha Wafuga Kuku, Kator

Jumatano, 3 Juni 2015

Ushindi! Nafasi nne za bure ziko mikononi mwangu.

Naeleza kidogo, maana naamini siku moja shajara hii itasomwa na watu wenye adabu. Chama chetu cha wafuga kuku wa Kator kinafanya kongamano Jumamosi ya wiki ijayo. Daktari wa kuku anakuja kutoka Uganda na chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaopinda shingo za kuku na kufagia banda zima. Anayeingia ukumbini anatoka na chanjo. Asiyeingia, hana. Kuingia ni kwa ada. Lakini vita vimewafilisi watu, kwa hiyo kamati imetenga nafasi nne kwa wasio na uwezo. Azigawe nani? Katibu. Katibu ni nani? Mimi, Cirillo Mogga.

Loro alinuna. Huyu Loro ndiye mweka hazina wetu. Ana kuku mia tatu kule Rejaf na pikipiki nyekundu, na anadhani hayo yanatosha kumfanya mwenyekiti. Mwenyekiti wetu alikimbilia Arua, Uganda, tangu Desemba ile ya risasi, vita vilipoanza, na kiti chake kiko wazi. Mimi nina kuku sita tu. Lakini nina kichwa!

Nafasi tatu nimeshajua nitawapa nani. Ya nne nimempa mtu anayestahili sana. Mimi.

Sio wizi. Mke wangu Suzan aliuza vitenge vyake viwili vizuri, vile alivyorudi navyo kutoka Uganda, ili nipate ada. Jana nilitoka nyumbani kwenda kuilipa. Njiani nikakutana na jogoo. Jogoo wa kigeni, miguu ya manjano, kifua kama cha mkuu wa wilaya! Mwenyewe alikuwa anahama mji, anauza kila kitu. Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Suzan nimemwambia jogoo ni mali ya chama, anatunzwa kwetu kwa muda. Nilimwita Jenerali. Suzan akasema nyakati hizi jina hilo si la kuita kwa sauti uani. Sasa anaitwa Diwani.

Ijumaa, 5 Juni

Mkakati: siri kamili. Hakuna karatasi. Majina yote kichwani. Sitayaandika hata humu.

Lino, yule mwenye mguu mbovu, amekubali kwa furaha. (Basi. Lino tu, hakuna mwingine nitakayemwandika.) Gune amekubali pia. (Lino na Gune tu.) Amebaki Mama Teresina.

Mama Teresina ndiye aliyenifundisha kushika kifaranga nikiwa kijana katika kambi ya wakimbizi Adjumani, Uganda. Alisema nimshike kana kwamba si wangu, nimeazimwa tu. Tuliporudi nchini alifuga Rejaf, kuku wengi kuliko wa Loro wa leo. Mwaka juzi vita vikapita hapo na kuku wote wakaliwa, hakuna aliyejua na nani. Sasa amepanga chumba nyuma ya soko la Kator na wajukuu wawili. Baba yao, mwanawe, aliondoka na lori kuelekea Malakal na hajasikika. Wanakula mayai ya kuku kumi na mmoja alioanza nao upya. Kideri kikifika, basi.

Kwa ajili ya siri sikupita mlangoni. Nilipita uani, juu ya ua wa mabati, jua linazama, kofia imefunika uso. Mama Teresina akanimwagia beseni la maji aliyooshea samaki na kupiga kelele, "Harami! Harami!" Majirani wakadhani kweli kuna mwizi, wakatoka na fimbo. Mmoja alitoka na mchi.

Baadaye alinipa chai na khanga ya kujifuta. Nikamweleza habari ya nafasi. Akasema atachukua, kwa sababu ya watoto, lakini kwa sharti moja. Kule kambini, miaka yote ile, jina lake liliitwa kwa kipaza sauti mbele ya watu ili apewe posho. Teresina! Kopo la mafuta! Teresina! Mahindi! Siku aliyovuka mpaka kurudi nyumbani aliapa jina lake halitaitwa tena hivyo. Akijulikana ukumbini kama mtu wa bure, ataondoka, kuku wafe.

"Mimi hapana rudi kwa laini ya posho, Cirillo," alisema.

Nilimwahidi. Kwa huyu mama nitafanya lolote.

Jumapili, 7 Juni

Balaa. Nilikuwa sijafika nyumbani Ijumaa, tayari wanawake watatu walikuwa wamemwambia Suzan kwamba nimeonekana nikiruka ua wa mjane, nikatoka nimelowa. Suzan aliniuliza jambo moja tu. Maji yalikuwa ya moto au ya baridi? Nikasema ya baridi. Akasema malesh, pole, akanipa shati kavu.

Leo baada ya misa wanachama walinizunguka nje ya kanisa. Loro akapanda juu ya jiwe. Akasema watu wamekamua mifuko yao nyakati hizi ngumu, halafu katibu anagawa nafasi gizani, juu ya ua. "Pesa ni ya sisi," akasema, "sasa siri ni ya nani?" Watu wakapiga makofi. Mbaya zaidi, hata mimi nilikaribia kupiga. Alikuwa amesema kweli, mjinga yule.

Anataka majina yabandikwe kwenye ukuta wa duka la chakula cha kuku. Nikasema kubandika ni kuaibisha. Akauliza, aibu ya nani, ya maskini au ya katibu? Wakacheka. Nilijikwaa nikiondoka, wakacheka tena.

Jumatatu, 8 Juni

Wazo kubwa! Kama siri inawaudhi watu, tuweke kila kitu wazi, ila kwa heshima. Wale wanne wavae utepe mwekundu kifuani na waitwe Wageni wa Heshima. Wakae mbele. Nani atajua kwamba heshima ni umaskini?

Nilitangaza saa nne asubuhi. Kufikia mchana wanachama wote waliolipa walikuwa wanataka utepe. Loro anataka mbili. Mtu mmoja wa Nesitu, hata chama si chake, ametuma salamu akiulizia tepe.

Nimefuta wazo. Nimebaki na utepe mrefu ambao Suzan ameutumia kufungia dirisha.

Jumatano, 10 Juni

Kideri kimefika Kator. Jirani wa nyumba ya tatu ameamka na kuku wote chini, shingo zimepinda. Amewachoma moto nyuma ya nyumba. Harufu imetufikia. Mama Teresina amefungia kuku wake chumbani, analala nao na wajukuu. Nimekwenda kumwona, kupitia mlangoni safari hii. Ananinong'oneza kana kwamba ugonjwa unasikia.

Jioni nikamlalamikia Suzan. Nikisema majina, Mama Teresina haji. Nisiposema, Loro ananivua ukatibu. Suzan alikuwa anakanda unga wa kisra, mkate wetu mwembamba. Hakuinua kichwa. Akasema mbona ni rahisi. Watu waambiwe nafasi ni ngapi na zinatolewa kwa sababu gani. Hiyo ni haki yao, wamelipa. Majina waambiwe watu wawili tu, wasio wa kamati, wanaoaminika, waape. Wakiona yako sawa waseme yako sawa. Kalas, yamekwisha.

Nikamwambia si mbaya kwa mtu asiye na uzoefu wa uongozi.

Nikakimbia mkutanoni na kulitoa kama wazo langu. Nilitumia maneno "uwiano" na "uwajibikaji". Wote wakakubali mara moja! Hata Loro aliitikia kwa kichwa. Nikaona kiti cha mwenyekiti kinanisogelea.

Kisha wakachagua hao wawili. Wa kwanza Mzee Igga, katekista, ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa askari wa kizuizi cha barabarani. Wa pili, kwa kuwa ni mwanamke anayetunza siri na asiyependelea mtu, wakasema kwa kauli moja: Suzan, mke wa katibu.

Nimeketi. Nimekunywa maji. Nimeketi tena.

Alhamisi, 11 Juni

Tulikutana chini ya paa la Mzee Igga, sisi watatu. Yeye na Suzan waliapa juu ya rozari kwamba watakayosikia hawatamwambia mtu, si mume, si mke, si padri mpaka kitubio. Nikaagizwa nitaje majina kwa mdomo, pamoja na sababu.

Nikamtaja Lino. Mzee Igga akaitikia kwa kichwa. Gune, sawa. Mama Teresina, na hapo Mzee Igga alishusha macho na kusema Mungu amrudishe yule kijana wake.

Wa nne?

Nikakohoa. Nikasema wa nne ni mwanamume mmoja wa Kator. Mkristo mwema. Baba wa watoto wanne, wote wanakula sana. Kuku wachache. Sababu ya kupewa: majukumu ya ofisi.

Mzee Igga akauliza jina. Nikasema jina lake ni gumu kidogo. Mzee Igga akasema jina la mtu wa Kator haliwezi kumshinda, amewaandaa nusu ya mji kwa ubatizo. Jasho lilinitoka mpaka likaingia machoni. Ndipo Suzan akasema, polepole, akitazama mikono yake, "Huyo mimi namjua, Mzee. Iko na shida kweli kweli. Wewe acha tu apite." Mzee Igga akamtazama Suzan. Akanitazama mimi. Akasema kumbe hata yeye anamjua, na akapiga ishara ya msalaba.

Nimeponea chupuchupu! Hakuna aliyenitambua. Sijui Suzan amemfikiria nani, lakini sikuuliza. Mtu asiguse nyoka aliyelala.

Jambo moja tu linanisumbua. Usiku huu aliniwekea kipande cha samaki ambacho hula yeye, akanitazama nikila mpaka mwisho. Nilimuuliza kama kuna neno. Akasema ameapa.

Na kabla ya chakula hicho, jioni mkutanoni, pigo jingine. Loro ndiye mshereheshaji wa Jumamosi. Amesema ataheshimu kiapo, hatamtaja mtu wa bure hata mmoja. Ila, kama ilivyo desturi yetu kwenye harusi, msiba na kila mchango, atasoma majina ya waliolipa, mmoja mmoja, kila mmoja asimame na kupigiwa vigelegele. Watu walishangilia. Nani hapendi kupigiwa vigelegele? Nami nilishangilia. Nilifika nusu ya njia kurudi nyumbani ndipo nikaelewa.

Waliolipa watasomwa. Wasiosomwa ni akina nani?

Nikakaa chini kando ya njia. Mama Teresina atabaki kitini, kipaza sauti kikilia, jina lake peke yake likiwa halipo. Hata mwenye usingizi atajua. Na mimi je? Katibu mzima! Suzan atajua ada imekwenda wapi. Vitenge vyake viwili.

Mama Teresina ameshapata habari. Ametuma neno kwamba haji.

Ijumaa, 12 Juni

Siku ya vita. (Vita vyangu. Vile vingine vinaendelea pia, tumesikia mizinga mbali kuelekea magharibi, wengine wanasema ni radi.)

Kwanza nilimwendea Loro nikamsihi. Nikasema kama binadamu, asisome. Akasema yeye hana ubaya na mtu. Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema uhamishoni, miaka yote, alikuwa "mkimbizi, njoo", "mkimbizi, ondoka", hakuna aliyemwita jina lake. Leo amelipa kwa pesa yake, kwao. "Mimi nataka kusikia jina yangu moja tu kwa spika," akasema. Inaudhi sana kumchukia mtu kwa miaka halafu aseme jambo la namna hiyo. Nikaondoka, nikaendelea kumchukia baada ya kona.

Mkakati wa mwisho: jenereta. Bila jenereta hakuna spika. Bila spika, ukumbi ule mrefu, nani atasikia? Nikaingia nyuma ya ukumbi na mpira wa maji, nikanyonya petroli kutoka kwenye tangi. Nyingine niliimeza. Nilibakiza kidogo ya kutosha sala ya ufunguzi, kwa sababu siwezi kumkatia Mungu umeme. Nyingine nimeficha kwenye dumu, kichakani. Siku hizi petroli ni dhahabu, nilijisikia kama mwizi wa benki.

Nilirudi nikinuka kama lori. Suzan alichukua jiko la mkaa akalihamishia mbali nami, akanivua shati, akalifua, akanipa maziwa ninywe kwa ajili ya tumbo. Nilitaka kumwambia yote. Nilifungua mdomo. Nikapiga mbweu ya petroli, na wakati ukapita.

Kisha akajifunga khanga akaenda kwa Mama Teresina. Nilimfuata kwa mbali. Walikaa mlangoni wakizungumza Kibari, haraka, na wanawake wengine wawili. Mama Teresina alikataa kwa kichwa. Akakataa tena. Halafu nikamwona anacheka, mkono umefunika mdomo, kama msichana. Tangu kijana wake aondoke sijamwona akicheka. Sijui Suzan alimwambia nini. Nilipomuuliza, akasema ni mambo ya kuku.

Daktari amelala njiani, Nesitu, lori lake limeharibika. Anasema atafika asubuhi, barafu bado ipo.

Jumamosi, 13 Juni

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Daktari Ezbon alifika kwa bodaboda, boksi la barafu amelikumbatia kama mtoto, vumbi mpaka kwenye kope. Ukumbi ulijaa. Suzan na Mzee Igga walikuwa mlangoni wakigawa beji, zote rangi moja, zote sawa. Nami nikapewa. Suzan alinibandika mwenyewe kifuani na kuikandamiza kwa kiganja, akaacha mkono hapo kidogo.

Mama Teresina alikuja! Amevaa gauni la bluu, amekaa mstari wa tatu, mgongo wima. Wanawake walimzunguka pande zote.

Sala. Amina. Jenereta likakohoa, likafa. Kimya! Feni zikasimama. Spika ikafa. Nilitazama dari kwa uso wa mtu asiyejua kitu.

Loro akagongagonga kipaza sauti. Akakiweka chini. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo mtu mwenye akili angelikumbuka mapema. Loro alikulia akichunga mbuzi milimani. Akavuta pumzi na kutoa sauti iliyotikisa mabati. Tena kwa sababu spika imekufa, watu wote wakanyamaza kabisa ili wasikie! Hata inzi walinyamaza. Nimeyafanya yawe mabaya mara mbili. Nilitaka ardhi inimeze.

Akafungua karatasi. "Wa kwanza kulipa ada," akanguruma, "ni mimi mwenyewe! Loro!"

Suzan akasimama. Akarusha kichwa nyuma, akapiga kigelegele. Nimekaa naye miaka kumi na tisa, sikujua ana kigelegele cha namna ile. Wale wanawake wawili wa jana wakadaka. Kisha mstari wote. Kisha wanawake wote wa ukumbi. Loro akatabasamu mpaka masikioni, akasubiri waishe. Hawakuisha. Akasoma jina la pili, nikaona midomo yake inatembea, sikusikia herufi. La tatu. La nne. Wakatoka vitini wakicheza, wakimzunguka, wakimpepea kwa khanga, wakimfuta jasho. Kila akifungua mdomo, vigelegele vinapanda. Alisoma karatasi nzima mpaka chini, mishipa ya shingo imetoka, na hakuna mwanadamu aliyesikia jina hata moja isipokuwa lake. Kila aliyelipa aliinuka akapunga mkono akidhani ni zamu yake. Mwisho ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Na katikati yao Mama Teresina, gauni la bluu, mikono juu, anapiga vigelegele kuliko wote.

Kama spika ingekuwa hai, Loro angewashinda. Naomba hilo likumbukwe. Mimi ndiye niliyeiua.

Machozi yalinitoka. Nitasema wazi, nililia. Nilimtazama mke wangu na sauti yake ikianza kukauka, nikatamani kuwa mtu bora, angalau mpaka chakula cha mchana.

Walipokaa, Mzee Igga alitoa taarifa. Akasema nafasi za bure zilikuwa nne, zote zimetolewa kihalali, yeye na mwenzake wameapa. Watatu ni watu ambao vita viliwanyang'anya kuku wao. Wa nne ni mtu ambaye akiachwa nje, kuku wake wote watakufa kwa kutokujua kwake, na mke wake atasikitika. Kwa hiyo waliona anahitaji kufundishwa kuliko watu wote wa Kator.

Ukumbi uliangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikashika ubavu. Mtu wa namna gani huyo! Kila mmoja alikuwa anamtazama jirani yake. Hakuna aliyeuliza zaidi. Loro mwenyewe alisema, kwa sauti iliyobaki kama ya chura, kwamba ameridhika.

Nikatoka, "nikagundua" dumu la petroli kichakani, nikapigiwa makofi. Feni zikarudi. Daktari akafundisha. Tone moja jichoni, kuku mmoja mmoja, kabla kichupa hakijapata joto. Mama Teresina aliuliza maswali mpaka daktari akamwomba apande mbele amshikie kuku wa mfano. Alimshika kana kwamba ameazimwa.

Jumapili, 14 Juni

Asubuhi, mimi na Suzan tulikwenda kumsaidia Mama Teresina. Kichupa kilikuwa kimelala kwenye barafu ya muuza soda. Yeye alishika kuku, Suzan alidondosha. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu, kwa sababu nilipojaribu kudondosha, tone liliingia kwenye jicho langu mwenyewe. Daktari amesema kwa simu sitakufa, na kideri sitaugua kamwe. Kumi na mmoja, wote wazima. Wajukuu walipiga makofi kila kuku alipopepesa. Mama Teresina alimshika Suzan mikono yote miwili, nami nikaangalia ukuta.

Tuliporudi Suzan alinishika mkono njiani, mbele za watu. Hajawahi tangu harusi. Sauti yake imekwisha kabisa, anazungumza kwa hewa. Nikaona ni wakati mzuri. Nikamuuliza, kati yetu sisi wawili, mtu wa nne ni nani? Akasema ameapa. Nikamwambia asijisumbue, nimeshajua. Si mimi, bila shaka, maana mimi niliingia kwa majukumu ya ofisi. Hiyo ni sababu nyingine kabisa. Ni wazi walimwondoa mtu wangu wakaweka wa kwao. Na nimemfahamu. Ni Loro! Fikiri. Nani alijitangaza kwa nguvu zote kwamba amelipa? Mtu asiyelipa! Nani hajui lolote? Nani kuku wake wanasikitisha?

Suzan alisimama. Alinitazama machoni, lile moja jekundu na lile jingine. Akaanza kucheka, bila sauti, mpaka ikabidi akae kwenye kizingiti cha duka la mtu. Nikadhani anaumwa. Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akanifunga kifungo cha shati nilichosahau, akasema kwa ile hewa yake, "Baba Keji. Hata leo ukija kuniposa kwa baba yangu tena, mimi nakubali."

Sikuelewa inahusiana vipi na Loro, lakini nilifurahi mno.

Sasa nimefikiri. Siri ni siri. Heshima ya mtu ni kitu kikubwa, nimeitetea wiki nzima karibu nife. Kwa hiyo habari ya Loro sitaitoa kwa yeyote. Kesho nakwenda kunyolewa kwa Tombe, nitamwambia yeye tu, na nitamwapisha kwanza. Jina sitalitaja. Nitasema tu ni mweka hazina fulani, wa chama fulani cha kuku, mwenye pikipiki nyekundu.